Flux Iliyonyamaza

Mmeniomba niwaachie maandishi juu ya kazi ya dawati langu. Nasikia tangu nistaafu kisomaji changu, ile programu ya kompyuta inayovuna habari, kimejaa habari ambazo hazijafunguliwa, na hapo redioni kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Haya, nitaandika. Lakini mambo ya cheo na mshahara msiyatafute humu: cheo changu hakikubadilika tangu siku niliyoingia, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema juu ya vyombo, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya wiki moja ambayo hata leo sijaisahau.

Kazi nilianza nikiwa msichana, katika chumba cha teleksi cha kampuni ya serikali hapa Kolwezi, wakati ambapo kampuni ilikuwa baba na mama: ilitupa nyumba Kapata, shule, hospitali na unga wa kila mwezi. Teleksi, kwa wale ambao hawakuiona, ilikuwa mashine ya kuandikia iliyofungwa kwenye waya. Ukipiga maneno hapa, yanajichapa kwenye karatasi ya mwenzako Lubumbashi. Mkubwa wangu alikuwa Tata Ilunga, Mprotestanti wa kaskazini mwa Katanga, mtu asiyelegeza tai hata katika joto la Oktoba. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipa kitambaa nifute vumbi, kisha akakaa akiitazama teleksi iliyonyamaza kama mzazi anayemtazama mtoto aliyelala kupita kiasi.

“Unasikia nini?” akaniuliza.

“Hakuna kitu, tata.”

“Njo vile. Asubui yote hakuna kitu. Sasa unawaza nini? Asema kule hakuna habari?”

“Minawaza vile, tata.”

“Apana. Weye haujue. Pengine hakuna habari, pengine waya inakatika. Masini ikinyamaza, piga hodi.”

Akapiga alama ya kuita. Mashine ya upande wa pili, ikiwa nzima, hujibu kwa kutaja jina lake bila mtu kuigusa. Haikujibu. Waya ulikuwa umekatika karibu na Likasi, na sisi tulikuwa tumekunywa chai kwa raha tukisema leo makao makuu wametuhurumia. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, nilibisha hodi kwenye mashine zote. Wenzangu walinicheka, na mimi mwenyewe wakati mwingine nilijicheka.

Kisha kampuni ikaanguka. Sitawaeleza ilivyoanguka, wengi wenu mmekulia ndani ya anguko hilo. Nitasema tu nilichokiona kutoka chumba chetu: mashine ziliacha kujibu moja baada ya nyingine, unga ukaacha kuja, na watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mimi nilizaliwa Kapata, mdogo wangu Ntumba alizaliwa Kapata, na Kasai tuliijua kwa kusimuliwa. Haikutusaidia. Tulifukuzwa pamoja na wengine, tukalala kwenye gare, yaani stesheni ya treni, chini ya maturubai, tukingoja treni ambayo ilifika kila siku midomoni mwa watu na haikufika kwenye reli.

Mtu alipita akisema “treni kesho,” na watu wakauza vitanda kwa bei ya sufuria. Kesho yake hakukuwa na treni wala kitanda. Mama yetu aliuza cherehani yake kwa habari ya namna hiyo, habari ambayo hatukujua ilitoka kwa nani. Alifia pale gare, kwa kuhara, treni haijaja. Sina namna nzuri ya kuandika uchungu ule, kwa hiyo nasema tu kwamba uliniuma na bado unaniuma. Siku tuliyomzika, Ntumba aliniambia kwamba hatahama mahali popote tena kwa neno la mtu, na mdogo wangu ni mtu wa kushika alichosema.

Hasira za watu zilipopoa tulitoka gare, tukarudi mitaani Kolwezi. Watu walitushangaa, lakini mimi nilikuwa najua bei ya muhogo hapa, na kule Kasai ningekuwa mgeni. Nilipanga vyumba viwili Kapata, katika mojawapo ya nyumba zilezile za safu za kampuni, ambayo mtu alikwisha kuinunua. Ntumba aliolewa na Kazadi, mchimbaji wa mikono, mmoja wa wale tunaowaita creuseurs, wanaoshuka kwenye mashimo ya Mutoshi na sururu na tochi. Wakapata watoto wawili, wakajenga katika mtaa mpya ulioota pembeni ya uzio wa kampuni moja ya kigeni. Mtaa huo uliitwa Mabati, kwa sababu mabati ya paa ndiyo mali pekee ya maana iliyokuwa pale.

Redio ilinichukua kwa kuwa nilijua kupiga taipu. Mkurugenzi alikuwa Tata Mukalay, ambaye wakubwa kati yenu mnamkumbuka: mtu mnene, mpole, mwenye sauti iliyotokea chini ya kiti. Kazi niliyopewa ilikuwa kujua kinachoandikwa kwenye site za intaneti: za wizara, za makampuni ya migodi, za mashirika ya habari, na zile zinazotoa bei ya shaba na kobalti. Intaneti yetu ilitoka kwenye sahani juu ya paa, tuliinunua kwa kupima, na umeme ulikuja ulipojisikia. Mwanzoni nilifungua site moja moja. Picha ya mkurugenzi fulani akitabasamu ndani ya kofia ya mgodi ilikuwa ikishuka taratibu, kwanza kofia, halafu paji la uso, halafu masikio, na kabla sijafika kwenye habari, intaneti ya asubuhi imekwisha.

Flux, yaani mlisho wa habari, nilifundishwa katika semina moja Lubumbashi, ambapo walitumia siku nzima kwa jambo la dakika chache. Nawapa hizo dakika chache. Site nyingi zina mlango wa pembeni, unaotambulikana kwa alama ndogo ya rangi ya chungwa. Unachukua anwani ya mlango huo, unaipa kisomaji chako. Tangu hapo, kila site ikiandika jambo jipya, kichwa cha habari na maneno yake vinakuja vyenyewe, vyote kwenye ukurasa mmoja, bila picha na bila mkurugenzi. Umeme ukija unaunganisha, unavuna, unakata, unasoma kwa amani hata mitambo ikizimika.

Chagueni flux zinazotoa habari nzima. Zile za kichwa tu zitawalazimisha kurudi kwenye site kila mara. Msichukue kila flux mnayoiona, maana nimekuta mmoja wenu ana mamia, na hiyo ni kukusanya takataka. Kabla ya kusoma kitu hewani, fungueni ukurasa wenyewe, kwa kuwa watu huandika, wakajuta, wakabadilisha. Na hili ndilo kubwa: flux hufa bila kuaga. Site ikibadilisha sura yake, mlango wa zamani unaweza kubaki umesimama bila nyumba nyuma yake. Kisomaji chako kitabisha pale kwa adabu, kitajibiwa kwamba hakuna jipya, na hakitakuonyesha hata alama nyekundu. Nilijiwekea desturi ya kujua tabia ya kila flux: huyu huandika siku gani, yule huandika akiwa na furaha tu. Ile kampuni ya jirani na Mabati, kwa mfano, kila Jumatatu ilitoa tangazo la usalama kazini, limepita juma lingine bila ajali, na picha ya fundi mwenye miwani. Haikukosa hata Jumatatu ya Krismasi. Nadhani msomaji wake nilikuwa mimi peke yangu.

Halafu bei ya shaba ikaanguka. Kila asubuhi nilivuna kichwa kilekile kwa maneno tofauti: chini, chini tena, chini zaidi. Creuseurs walikuwa wakinisubiri kwenye geti la redio.

“Mama Mwadi, inapanda?”

“Bado, batoto.”

Nyumba za kununua madini zilifungwa, wenye nyumba wakaondoka na magari bila kumuaga mtu, na wanaume wakabaki wamekalia magunia ya mawe yasiyo na mnunuzi. Kampuni ya jirani na Mabati ilifukuza nusu ya wafanyakazi wake. Kisha ikasema mtaa ule uko juu ya ardhi yake na utaondolewa. Kulifanyika mkutano penye uzio, askari wakiwa upande wa pili, na msemaji wa kampuni akaahidi kwamba hakuna nyumba itakayovunjwa ghafla. Tangazo, wao wakiita avis, litawekwa majuma kadhaa mbele, kwenye site ya kampuni, ili kila mtu alione. Mabati nzima haikuwa na balbu moja ya umeme. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakaja kwangu: basi mama, wewe ndiye macho yetu. Tangu siku hiyo niliitazama flux ya kampuni asubuhi na jioni, nikawajibu: bado.

Wiki hiyohiyo alikuja bwana mmoja wa usalama. Alikunywa kahawa yetu, akasifu bustani, akamwambia Tata Mukalay kwamba habari za Mabati zisisomwe kwenye taarifa ya habari, ile journal yetu, kwa kuwa ni uchochezi. Tulijua redio nyingine iliyonyang'anywa mtambo wake wa kurushia matangazo, émetteur, kwa jambo dogo kuliko hilo. Alipoondoka, kikombe chake kilikaa mezani muda mrefu na hakuna aliyetaka kukiosha.

Jumatatu moja tangazo la usalama halikuja. Nilivuna asubuhi, hakuna. Nilivuna jioni, hakuna. Nilijiambia kwamba na wao wamekosa umeme, lakini nilikuwa naongea na nafsi yangu kama mtu anayebembeleza. Nikataka kufungua site yenyewe, na umeme wetu ukakatika. Jumanne asubuhi uliporudi sikugusa kisomaji. Niliandika anwani ya kampuni herufi kwa herufi.

Site ilikuwa mpya, ya kijani, ina mti na mtoto anayecheka. Tangazo la Jumatatu lilikuwepo, na fundi wake mwenye miwani. Chini yake kulikuwa na avis iliyowekwa wiki iliyopita, baada ya site kubadilishwa, ambayo mlango wetu wa zamani haukuwahi kutuletea. Ilisema, kwa Kifaransa safi sana, kwamba eneo la pembeni ya uzio litakombolewa, maana yake nyumba zitavunjwa, Alhamisi, saa sita mchana. Niliisoma tena na tena nikitafuta neno “watu.” Halikuwamo. Nikapiga simu kwenye ofisi yao ya mjini, na mama aliyepokea akanijibu kwa sauti ya chini: “Mama, ile iko kwa site, njo ile. Mi siwezi kuongeza kitu.”

Nilimkuta Tata Mukalay akipanga kanda zake. Alhamisi sisi tunaiita siku ya ine, na yeye hakuhitaji kuambiwa zaidi.

“Tata, balishatia avis ya Mabati. Siku ya ine, midi.”

Akavua miwani. “Nani anakuambia?”

“Site yabo. Na bureau yabo, kwa telefone.”

“Mi siwezi kusoma ile kwa journal. Ulikuwa hapa wakati ule bwana alikuya. Batakamata émetteur, tutafunga, na batu bote ba redio beko na batoto.”

“Na batu ba Mabati, tata? Dada yangu iko kule.”

“Minajua dada yako iko kule.”

Nilikasirika. Namwandika vile alivyokuwa: hakuwa mwoga, alikuwa mtu mwenye watu wengi mgongoni. Nje ya dirisha watu walikuwa kwenye foleni ya kuleta komunike zao, na macho yangu yakatulia pale.

Nyinyi mnatumiana kila kitu kwa simu, kwa hiyo nawaeleza. Kabla ya taarifa ya mchana, redio ilisoma komunike za familia: matanga, ndoa, mbuzi aliyepotea, familia fulani inamjulisha ndugu yao fulani afike haraka. Mwenye komunike aliandika, akatia sahihi, akalipa, na neno lilikuwa la familia, si la redio. Saa hiyo mji mzima ulitega sikio, maana kwetu kukosa matanga ya mtu ni kesi itakayokufuata miaka. Na aliyezisoma, kwa sababu ya sauti yake, alikuwa Tata Mukalay.

Nilitoka, nikasimama kwenye foleni kama mtu yeyote, nikaandika, nikatia sahihi, nikalipa, nikarudi nikaiweka mbele yake. Alisoma. Akasoma tena.

“Hii haiko journal,” akasema.

“Apana, tata. Iko familia.”

Akavaa miwani yake. Saa ya komunike ilipofika nilisimama nyuma ya kioo. Alisoma matanga mawili, halafu, kwa sauti ileile: “Familia ya marehemu Kabeya ya Kapata inajulisha mutoto wabo Ntumba, bibi ya Kazadi, anayekaa Mabati karibu na pompe, asema kampuni ilishatia avis kwa site yake. Nyumba zote za Mabati zitavunjwa siku ya ine, midi. Ntumba atoshe bintu byake mu nyumba, akuye kwa yaya yake. Mwenye kusikia amuambie.”

Kabeya alikuwa baba yetu, na yaya, yaani dada mkubwa, ni mimi. Sikungoja aingie kwenye ya nne. Nilipanda pikipiki ya kukodi, nikaenda Mabati. Tulipokaribia pompe ya maji nilisikia kilio, kilio cha matanga kabisa. Mbele ya nyumba ya Ntumba wanawake walikuwa wamefunga vitenge kiunoni, mkeka umetandikwa, wanaume wanasogeza benchi, mtu amekwisha kuwasha moto. Nikaelewa. Miaka yote sauti ile ilitaja majina ya waliokufa. Watu walisikia “familia ya marehemu,” wakasikia “Ntumba,” wakakimbia kabla ya kusikia mwisho.

Ntumba mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi, mzima kabisa, na amenuna.

“Yaya, unaniua kwa redio?”

“Mi sikukuua. Haukusikia komunike?”

“Redio yangu haina pile, batri ilikufa. Minasikia tu batu banalia. Jirani anaingia na kilio, ananiona, anaanguka.”

Nikamweleza yote pale pale, watu wakituzunguka. Niliona uso wake unajifunga kama dirisha. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, maana nilijua kama asipotoka yeye, watoto hawatatoka, na mashine za kubomoa hazina tabia ya kubisha hodi.

“Mama pia balimuambia,” akasema. “Aliuza cherehani.”

“Minajua.”

“Ile habari ya gare, ulijua inatoka kwa nani?”

“Apana. Hakuna mutu aliyejua.”

“Na hii?”

“Hii inatoka kwa beye benye mashini. Jina yabo iko chini. Minaita ofisi yabo, banaitika.”

Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akatazama umati. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kumlilia. Hakukuwa na mkutano uliowahi kuwakusanya watu vile. Akapanda kwenye benchi la matanga yake.

“Bamama, batata, mi niko muzima. Musilie juu yangu. Nyumba zetu njo zinakufa. Endeni mushushe mabati.” Akanigeukia, bado yuko juu. “Na ile saa yabo, mi siiamini. Mutu anaficha avis, atakuya mbele ya saa. Kesho asubui tunatoka.”

Alasiri ile foleni ya komunike ilizunguka ukuta wa redio. Kila familia ya Kapata, ya mjini, ya upande wa Kingamyambo, iliyokuwa na ndugu Mabati, iliandika yake, ikalipa. Tata Mukalay alisoma zote, sauti ikianza kukwaruza. Simu ikalia, na hata mimi nilimsikia yule bwana wa usalama.

“Tata Mukalay, nilikukataza.”

“Bwana, mu journal yangu Mabati haimo. Bale ni bafamilia.”

Akaja mwenyewe, na askari. Akazisoma komunike moja moja, sahihi, malipo, jina la familia, huku sisi tumesimama ukutani. Mtambo ulikuwa unanguruma chumba cha pili na kila mmoja wetu alikuwa anausikiliza. Nje, dereva wake alikuwa amejiunga na foleni. Alikuwa na shangazi Mabati. Sijui kama bwana alimwona. Aliziweka karatasi mezani, akasema tutaonana, akaenda.

Jumatano tangu alfajiri ilisikika misumari tu, ikitoka kwenye mbao. Watu walitembea na milango kichwani, baiskeli zikabeba mabati marefu kuliko barabara. Ntumba na watoto waliingia kwangu kabla ya jua kuwa kali. Mashine zilikuja siku hiyohiyo ya Jumatano, mchana, siku nzima kabla ya saa iliyoandikwa. Zilikuta kuta bila paa. Wachache walikuwa wameamini ile Alhamisi. Vitanda vyao na sufuria vilibaki chini ya udongo, na wenyewe walikimbia na nguo za mwilini. Hakufa mtu. Nimeandika sentensi hii na kuitazama kwa muda, maana ilikuwa karibu sana kuwa nyingine.

Lakini habari iliyofika Mutoshi haikuwa hiyo. Kazadi na wenzake walikuwa kwenye mashimo tangu Jumapili. Hushuka na chakula chao, na siku ya posho, yaani Jumamosi, ndipo hurudi. Alhamisi asubuhi mchuuzi mmoja wa maji aliwafikishia neno kwamba mashine zimewafukia wanawake na watoto wakiwa ndani. Wanaume wakatoka chini, wakashika mitarimbo, na kusema wanakwenda kwenye uzio. Penye uzio askari walikuwa wamepangwa, na bunduki zao hazikuwa za mapambo. Mtu wa pikipiki aliyewaona wakijipanga ndiye aliyetuletea habari redioni.

Nikawahi kuandika kichwa tu cha komunike ya kuwaambia wake zao ni wazima, na Tata Mukalay akakaa mbele ya maikrofoni. Hapo Ntumba akaingia. Uvumi ulikuwa umemfikia Kapata, akakimbia kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni.

“Tata, usisome weye,” akasema.

“Ju ya nini, mama?”

“Bakisikia jina yangu kwa sauti yako, batasema nilishakufa. Banakwisha kunilia mara moja.”

Tata Mukalay alimtazama, akanitazama mimi, akatazama mlango, kama vile yule bwana angetokea sasa hivi. Kisha akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimwachia mtu kiti kile saa ya komunike. Ntumba hakukaa. Aliinamia maikrofoni kana kwamba mumewe yumo ndani yake.

“Kazadi. Ni mi, Ntumba. Niko muzima. Nyumba haiko tena, batoto beko. Mabati yetu iko kwa yaya, Kapata. Usiende ku uzio. Kuya hapa.”

Akarudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwingine wa Mabati, na nyuma ya huyo mwingine. Sijui nani aliwaita. Kila mmoja alisema jina lake, jina la mumewe, na mahali alipo. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyeuliza. Baadaye tulielezwa kwamba kwenye barabara ya Mutoshi wanaume walisimama wamezunguka redio moja ya mfukoni ya muuza mkate, na kila aliyesikia sauti ya mkewe alitoka kwenye kundi na kurudi upande wa mjini. Waliofika kwenye uzio walikuwa wachache, wakafukuzwa kwa virungu, wakarudi na majeraha lakini wakarudi.

Kazadi alifika getini kwetu matope mpaka kiunoni, mtarimbo bado mkononi, amesahau kuutua. Mlinzi hakuthubutu kumzuia. Ntumba alikuwa ameketi kwenye ngazi akimnyonyesha mtoto, na foleni ya wanawake ilikuwa bado haijaisha. Kazadi alisimama mbele yake, akamtazama tangu kichwa mpaka miguu.

“Sema tena,” akamwambia.

“Niko muzima,” Ntumba akasema. “Batoto beko.”

Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, na matope yake, akaweka mtarimbo.